Dungu na Dirisha

Kipupwe cha visiwani ni kipupwe cha adabu. Kusi hupoa, asubuhi za Juni na Julai mvuvi hujifunga shuka mabegani, na kufika adhuhuri kila mtu amekwisha kusahau. Msomaji aliyezoea kipupwe hicho akipanda hadi Unyambwa, kata mojawapo ya Manispaa ya Singida, kwenye uwanda ulio kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, atakutana na ndugu yake mkali. Huko upepo hupita katikati ya majabali, huinua vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na hauachi kuuma mpaka Agosti inapoanza kuaga. Jina la mahali lisimchekeshe mtu wa pwani. Unyambwa ina dada zake, Unyamikumbi na Unyianga, kata za manispaa hiyo hiyo, na yote ni majina ya Wanyaturu, wenyeji wa nchi hii, wasiokuwa na haja ya kuyapima kwa kamusi yetu.

Mwisho wa baridi, kwa hiyo, kwetu ni Agosti. Kwa watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini mwisho wa baridi ni Februari, wakati theluji inapoanza kulegea na mwenye nyumba hukaa nyuma ya kioo akiwatazama ndege waliobaki uani. Nimeziweka baridi hizi mbili pamoja kwa sababu wenye kuandika historia ya kutazama ndege aghalabu huianza dirishani, penye kioo, daftari na kikombe cha chai. Nadhani wameianza mahali pa karibu mno. Kuna mahali pa kale zaidi, nako ni juu ya dungu.

Kwanza tuwape wa dirishani haki yao. Mwaka 1979 chama cha kulinda ndege cha Uingereza, RSPB, kiliwaomba watoto wahesabu ndege wa bustani zao mwishoni mwa Januari. Ilikuwa kazi ya kuwashughulisha watoto siku za baridi, basi. Leo watu zaidi ya nusu milioni hushiriki, wazee kwa vijana, kila mmoja kwa saa moja. Wamarekani nao walianza hesabu yao ya uani mwezi wa Februari 1998, wakiongozwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na chama cha Audubon, na tangu 2013 hesabu hiyo imefunguliwa kwa dunia nzima. Kutokana na hesabu hizi wataalamu wameweza kuona ni ndege gani anayepungua na ni nani anayehamia miji mipya. Si jambo dogo, na asiwadharau mtu kwa kuwa wamekaa kwenye viti vizuri.

Lakini mwaka huo huo wa 1979, mtoto wa Unyambwa alikuwa wapi uwele ulipotoa masuke?

Dungu ni jukwaa la miti lililoinuliwa shambani, lenye paa la majani wakati mwingine na wakati mwingine halina. Juu yake hukaa mwenye kuamia ndege. Kitenzi hiki, kuamia, ni mojawapo ya vitenzi vyetu vilivyo sahihi kupita kiasi: hakimaanishi kulinda tu, wala kufukuza tu, bali kukaa macho kwa ajili ya mazao dhidi ya ndege. Silaha ya mwamiaji ni kombeo, rundo la mawe au madongo, debe la kugonga, kamba zilizofungwa vipande vya bati zivutwazo kutoka juu, na koo lake mwenyewe. Kazi huanza kabla jua halijachomoza, kwa sababu ndege wala nafaka huamka na njaa, hupungua adhuhuri joto linapowapeleka vivulini, kisha hurudi tena alasiri mpaka jua kuchwa. Kwa majuma kadhaa, tangu punje inapokuwa laini yenye maziwa mpaka inapokauka, shamba haliachwi. Mkulima aliyelima vizuri, akapalilia vizuri na akapata mvua nzuri, aweza kupoteza kila kitu kwa asubuhi mbili za uzembe.

Adui mkubwa ni kwelea. Ni ndege mdogo, uzito wake ni kiasi cha gramu ishirini, dume lina mdomo mwekundu na uso mweusi wakati wa kuzaa. Linnaeus alimwandika katika kitabu chake cha 1758, kwa hiyo wasomi wa Ulaya walikuwa na jina lake muda mrefu kabla ya kujua habari zake. Kwelea mmoja hula kiasi cha gramu kumi za mbegu kwa siku. Gramu kumi ni kidogo. Kundi la milioni moja ni tani kumi, na makundi ya mamilioni si hadithi za kutishia watoto. Wataalamu humhesabu kuwa ndege wa mwituni aliye mwingi kuliko wote duniani. Likija kundi, halifanani na ndege, linafanana na moshi wenye nia.

Fikiri basi ni maarifa gani aliyohitaji mtoto wa miaka tisa aliyekaa juu ya dungu. Alipaswa kumtambua kwelea kwa namna ya kuruka kabla ya kuuona mdomo, kwa kuwa akisubiri rangi amechelewa. Alipaswa kujua tofauti ya mnana anayekuja kuchana jani la kusukia kiota na mnana anayekuja kula. Alijua kwamba mwewe akipita juu, wala nafaka hunyamaza na kuzama vichakani, hivyo yeye naye anapata nafasi ya kunyosha mgongo. Alimjua korongo mweupe anayeshuka shambani miezi ya mvua, akamwacha atembee kwa raha zake, maana huyo anakula nzige na viwavi na ni msaidizi asiyedai ujira. Huko ndiko kutazama ndege kwa maana kamili. Tofauti yake na kwa yule mtoto wa Kiingereza ni kwamba huyu akikosea jina la ndege hakosi alama, anakosa ugali.

Na huyo korongo ndiye aliyeliunganisha dungu na dirisha. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliona korongo na mbayuwayu wakitoweka baridi ikikaribia, wasijue waendako. Wako waliosema mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa. Na msomi mmoja wa Uingereza wa karne ya 17, Charles Morton, aliandika kuwa ndege hao huhamia mwezini. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa amechomwa shingoni na mti wa mshale wenye urefu wa sentimita 80, mti wa Afrika. Alikuwa ameruka nao kutoka bara letu mpaka kwao. Wakamkausha, naye yuko hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mshale wake shingoni. Wajerumani wana neno maalumu kwa korongo wa namna hiyo, kwa kuwa baada yake walipatikana wengine. Mwenye mshale hajulikani, wala haitajulikani alikuwa wa kabila gani. Lakini napenda kumfikiria kuwa mwandishi. Alituma habari moja kwenda kaskazini, nayo ikafika bila ya kupotea, wakati ambapo barua ya karani haikuwa na njia ya kufika.

Miaka mingi baadaye ndipo zikaja pete. Mwalimu wa Denmaki, Hans Christian Mortensen, mwaka 1899 alianza kuwavisha ndege pete nyepesi za alumini zenye namba na anwani. Tarehe 6 Mei 1911, John Masefield wa Staffordshire, Uingereza, alimvisha pete mbayuwayu aliyejenga nyumbani kwake. Desemba 1912 ndege huyo akapatikana ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Hapo mjadala wa matope ukafungwa. Sisi wa visiwani tungeweza kuwaeleza mapema. Watu wetu walikuwa na kaskazi ya kuwaletea majahazi kutoka Arabuni na Uhindi kuanzia Desemba, na kusi ya kuyarudisha. Na mbayuwayu wageni huja na kaskazi na huondoka na dalili za kusi. Kwa baharia hilo lilikuwa jambo la kawaida, nalo ndilo lililokuwa kosa lake: jambo la kawaida haliandikwi.

Sasa niingie katika habari inayonihusu zaidi kama mtu wa visiwa, maana inaanzia Unguja. Gustav Adolf Fischer alikuwa daktari wa Kijerumani aliyefika Zanzibar katika miaka ya 1870, akaganga wagonjwa mjini, na kila alipopata nafasi akakusanya ndege. Katika msafara wake wa mwisho, wa 1885 na 1886, alipita katika nyika za Wembere, magharibi ya Singida, akielekea Ziwa Victoria. Alirudi Ulaya akiwa mgonjwa na akafa Novemba 1886. Ngozi za ndege aliokusanya zikabaki Berlin mikononi mwa Anton Reichenow, naye mwaka 1887 akawaandika kasuku wawili wadogo wa nchi hizi za kati. Mmoja, mwenye uso wa rangi ya chungwa, akampa jina la Fischer. Wa pili, mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano, akamwita wa kinyago. Ndio wale ndege ambao wazungu huwaita ndege wa mapenzi, kwa kuwa mume na mke hawaachani bega.

Kilichofuata ni biashara. Katika miaka ya 1920 kasuku hawa walianza kupelekwa Ulaya kwa wingi, wakawa mapambo ya vyumba vya kukalia, faraja ya mwenye nyumba aliyefungiwa na theluji. Mwaka 1927 akanaswa mmoja wa kinyago aliyezaliwa bila ya rangi ya manjano, mwili wote buluu na weupe, akapelekwa bustani ya wanyama ya London. Kwa yule mmoja wafugaji wakafanya ufundi wao wa kuchagua wazazi, mume kwa mke, mpaka wakapata ukoo mzima wa buluu, na baada yake rangi nyingine nyingi ambazo Wembere haijapata kuziona. Huo nao ni ufundi wa mikono ya wakati wa baridi, sikatai. Ila fimbo yake ilitua huku. Katika miaka ya 1980 kasuku wa Fischer alikuwa miongoni mwa ndege wa mwituni waliouzwa kwa wingi mno duniani, wakisombwa kutoka mibuyu ya kwao, na leo amewekwa katika daraja la ndege waliokaribia hatari. Serikali ya Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Wengine walitoroka matundu njiani, na mchanganyiko wao unaruka leo Mombasa na Naivasha. Msomaji wa Mombasa akimwona kasuku wa kijani juu ya mnazi, ajue amemwona mhamiaji wa bara asiyekuwa na cheti.

Nauliza: nani aliyemwonyesha Fischer mti wenye tundu la kasuku? Daktari mgeni, mwenye homa, katika nchi asiyojua lugha yake, hakukaa siku ngapi mahali pamoja. Alikuwa na wapagazi wa pwani, na alikutana na watu wa nchi. Ngozi ina karatasi mguuni yenye jina la mahali na jina la mkusanyaji. Mwenye jicho hakuandikwa.

Yuko mmoja aliyekaribia kulifanya jambo hili kwa uaminifu zaidi. Reginald Moreau, karani wa hesabu aliyejisomesha ndege mwenyewe (nami kwa sababu zangu nina udhaifu kwa watu waliojisomesha wenyewe), alikaa katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, tangu 1928 mpaka 1946. Yeye na mkewe Winifred walitaka kujua mzazi huleta chakula kiotani mara ngapi kwa siku, swali ambalo haliwezi kujibiwa ila kwa mtu kukaa chini ya kiota toka alfajiri mpaka magharibi, siku baada ya siku. Wakawafundisha vijana wa Kiafrika kazi hiyo, na makala zao zinasema wazi kuwa hesabu ni za watazamaji hao. Kitu kimoja kinanichekesha: kwamba ilionekana ni jambo la ajabu, kijana kuweza kukaa kimya kutwa nzima akihesabu safari za hondohondo. Kijana yule alikuwa amefuzu chuo cha dungu kabla ya kuajiriwa.

Chuo hicho kilianza kupungukiwa na wanafunzi katika miaka ya 1970. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni lazima, na hadi 1976 kaya za bara zikawa zimehamishwa kutoka viamboni kwenda vijiji vya pamoja. Nyumba zikakaribiana, mashamba mengi yakawa mbali, na dungu lililokuwa kando ya ua likawa safari. Halafu, kuanzia 1977, ikaja elimu ya msingi kwa wote. Sitathubutu kuililia zama ambayo mtoto alikaa juu ya miti akipigwa na jua wakati wenzake wakijifunza kusoma; mimi ninayeandika haya najua thamani ya darasa kwa sababu nililikosa. Lakini hesabu ya nguvu kazi ni hesabu. Mtoto akiwa darasani asubuhi, saa ile ile kwelea wamo shambani. Mkulima akatafuta zao lisilohitaji mlinzi, akalipata. Hindi limevaa nguo. Uwele na mtama viko uchi. Ndivyo mahindi yalivyozidi kusogea katika nchi ambayo mvua yake moja ya mwaka haiyatoshelezi vyema, na kila mwaka wa ukame watu hukumbushwa nafaka ya mababu, na kila mwaka mzuri husahau tena.

Dhidi ya kwelea wenyewe ikaletwa ndege nyingine, ya chuma. Shirika la kudhibiti nzige wa jangwani Afrika ya Mashariki, lililoundwa 1962, lilipewa na kazi ya kunyunyiza sumu kwenye malalo ya kwelea jioni wanapotua. Singida na Dodoma zimenyunyiziwa mara nyingi. Sumu haina jicho la mtoto wa dungu. Mwewe na bundi wanaookota ndege waliolewa nayo hufa pia, na kadhalika ndege wengine waliopanga mti mmoja na kwelea usiku ule.

Jirani zao wa Kondoa wana njia nyingine, nayo inanirudisha kwenye mikono. Huko watu wamekuwa wakiwanasa kwelea kwa mitego iliyosukwa kwa majani mfano wa vikapu, wakawala na kuwauza kwa ajili ya kitoweo. Watafiti waliopeleka nyavu za kisasa wakauchunguza na mtego wa kikapu, wakaona una akili yake. Adui akageuka mboga bila ya tone la sumu. Kikapu na ndege, basi, havikukutana kwa bahati. Katika nchi hii ya kati jicho la kuamia na mkono wa kusuka ni vya mwili mmoja: miezi ya masuke ni ya jicho, na miezi ya kipupwe, nafaka ikiwa imeingia vihengeni, ni ya mkono. Wanawake wa Kinyaturu husuka nyungo na vikapu kwa majani, mishono ya duara ikizunguka toka kitovuni, mapambo ya rangi iliyokoza yakitoka yenyewe kwa hesabu ambayo haiandikwi popote. Mtu wa Pemba au Unguja aliyekua akimwona bibi yake na ukindu miguuni hatahitaji mkalimani hapo.

Atahitaji mkalimani wa majina. Sisi wapenzi wa mashairi tumerithi ndege wengi kuliko tunaowajua. Ninga, tiva, zuwarde, kurumbiza, chiriku: wamo katika beti kwa mamia, wanasifiwa, wanatumwa barua, wanaombwa wamlilie mpenzi. Nimekaa katika mabaraza ya washairi nikaomba mtu anionyeshe tiva mtini. Tulicheka, tukaendelea na vina. Kamusi nayo mara nyingi humaliza kazi kwa kusema "aina ya ndege", maneno matatu ambayo yangempatia mtoto wa dungu kofi. Nikifasiri shairi la mgeni lenye ndege wanne ndani yake, najikuta nina majina manane ya Kiswahili na sina uhakika hata na moja, ilhali jina likiwa halina ndege nyuma yake limebaki sauti, na sauti huazimwa na kila mtu. Huko Unyambwa majina yangalipo kwa Kinyaturu, yamo vinywani mwa watu waliokaa juu ya dungu kabla ya 1977, ambao mdogo wao leo ana umri wa kuitwa babu au bibi. Hawa hawajaulizwa. Wakiulizwa, swali liwe juu ya shamba na si juu ya daftari: huyu anakuja saa ngapi, anakula nini, anaogopa nini, akilia mvua iko wapi. Jina litatoka lenyewe, na ndege wake.

Agosti ikiisha, heroe wakiwa wametua au hawakutua katika maji ya chumvi ya Singidani na Kindai, maana hawa hawana ahadi na mtu, viota vya minana huning'inia mitupu katika migunga ya Singida, vimekauka, vikigongana kwa upepo. Vitasukwa vipya mvua zikija. Dume ndiye fundi: huanza na fundo moja kwenye kijiti, hutengeneza pete ya kusimama ndani yake, kisha chumba, kisha mlango unaotazama chini. Jike huja, huingia, huvutavuta nyuzi kwa mdomo, na asiporidhika huondoka. Kiota kikikawia kukubaliwa hadi majani yakapoteza ubichi, dume hukifumua uzi kwa uzi kwa mdomo ule ule, akaanza tena kwenye kijiti kile kile.